Miaka Kumi na Mmoja Iliyofutwa

Nulu alitambua kwamba amechoka siku alipokanyaga breki arusini.

Alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake nyumbani kwa jirani, hapo mtaani Walukuba, miguu ameinyoosha, wakingoja kula. Mtoto mmoja akakatiza mbele yao mbio akimfukuza kuku. Mguu wa kulia wa Nulu ukasukuma wenyewe, kwa nguvu zake zote, ukapiga sinia la pilau lililokuwa ndiyo kwanza limetuliwa. Sinia likateleza hadi kizingitini, likasimama. Watu wote wakamgeukia.

"Samahani," Nulu akasema. "Niliona hatuwahi kusimama."

Wanawake walicheka, naye akacheka nao. Lakini aliporudi nyumbani alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu bado miguuni, akautazama ule mguu kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeanguka mtihani mara ya tano. Wiki iliyotangulia mguu huohuo ulikanyaga breki kwa daktari wa meno. Kabla ya hapo ulikanyaga breki kwenye foleni ya posta, na kilichokuwa chini yake kilikuwa kiatu cha askari.

Huo ulikuwa mwaka wa 1992, na Nulu alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alikuwa mwalimu wa udereva mjini Jinja, Uganda. Leseni yake aliipata mwaka 1966, wakati ambapo watu walisimama barabarani kumtazama mwanamke akipita na gari, wengine wakidhani dereva ameanguka njiani na huyu amebaki. Alianza kufundisha mwaka 1968. Gari la mafunzo lilikuwa Datsun ya buluu, yenye breki ya pili upande wa kushoto, mahali pa mwalimu. Breki hiyo ilifungwa na Surjit Singh, fundi wa magari ambaye hakuondoka nchini mwaka wa sabini na mbili Wahindi wenzake walipofukuzwa. Ukimuuliza kwa nini, alisema alikuwa chini ya gari na hakusikia tangazo. Ukweli ni kwamba alikuwa na karatasi za uraia, na pia kila afande mwenye gari bovu alimhitaji.

Nao maafande walimhitaji Nulu. Kila jeshi lililoingia Jinja liliingia na magari mengi kuliko madereva, na kila jeshi, likishatulia wiki moja, lilimwita yeye. Ndivyo alivyojifunza Kiswahili, kwa kukipigia kelele. "Afande, hiyo klachi! Afande, kushoto! Kushoto ni huku kwangu, afande!" Wanafunzi wake walipanda na bunduki, wakaziweka kwenye dashibodi, mdomo wa bunduki ukimtazama mwalimu. Walipokuja Watanzania mwaka 1979 alipata mwanafunzi mmoja sajini, mtu wa adabu sana. Siku ya pili sajini huyo aliliingiza gari mtaroni pale karibu na Bugembe. Nulu akapiga kelele, "Gari imeingia mtaroni!" Sajini akazima injini, akageuka, akasema kwa upole, "Gari limeingia mtaroni, mama. Li-me-ingia."

"Nimefundisha majeshi manne," Nulu alipenda kusema. "Yote yalikanyaga mafuta mapema mno."

Zamani aliisema hiyo huku akijisifu. Siku hizi aliisema kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Miaka ishirini na minne ya kukaa kando ya watu wanaotaka kumuua bila kukusudia ilikuwa imemlia polepole. Asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala. Na kulikuwa na jambo lililomtisha zaidi ya uchovu: sauti yake ilikuwa imepotea. Hakupoteza ile sauti ya kooni. Alipoteza ile ya mwalimu. Zamani alisema, "Kata kulia." Sasa alijisikia akisema, "Unaonaje, tukate kulia?" Juma moja mwanafunzi alimuuliza breki ni ipi, naye akajibu, "Nafikiri ni ya kati." Mwanafunzi yule hakurudi tena.

Aliyemmaliza kabisa alikuwa Kirunda. Shule ya udereva aliyofundisha Nulu ilikuwa ya baba yake Kirunda, na mzee alipofariki kijana aliirithi, akiwa na miaka ishirini na sita, na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ofisini. Mzee alikuwa akimwita Nulu "Mwalimu." Kirunda alianza kwa "Madam." Halafu asubuhi moja, bila onyo lolote, akamwita "Jajja."

Jajja ni bibi. Nulu aligeuka nyuma kuona ni bibi gani aliyeingia.

"Jajja, usijisumbue na wanafunzi wa asubuhi," Kirunda akaendelea. "Nimewapa vijana. Wewe pumzika kidogo, fundisha watu alama za barabarani ukutani."

Nulu alitaka kusema kitu. Alikuwa na maneno tayari, yamepangwa mstari. Badala yake akasikia mdomo wake ukisema, "Asante." Ile asante ilimuuma mwezi mzima.

Surjit ndiye aliyeleta habari ya kazi mjini Mbale. Alimkuta Nulu kwenye benchi nje ya shule, na kijiti cha kuonyeshea alama mapajani.

"Mwalimu, kuna shirika pale Mbale," alisema. "Wanapeleka mbegu na mabati Teso, huko vita vilikoisha. Malori kumi na mawili. Mimi ndiye ninayeyatengeneza, na nakuambia, barabara haiyaharibu kama madereva wanavyoyaharibu. Wanatafuta mkuu wa mafunzo ya madereva. Nimewaambia ninamjua mtu."

"Nani?"

Surjit alimnyooshea kidole.

"Mimi? Bwana Surjit, nina miaka arobaini na tisa."

"Mimi nina sitini na moja, na jana nilinyanyua sanduku la gia."

"Wewe ni mwanamume. Mwanamume akizeeka mnamwita mzoefu. Mwanamke akiwa mzoefu mnamwita jajja."

"Nani kakuita jajja?"

Nulu akaonyesha dirisha la ofisi kwa kile kijiti. Surjit alitazama dirisha, akaona miwani ya jua, akapangusa mikono kwa kitambaa chake ingawa ilikuwa safi. "Ijumaa napeleka pikapu yangu Mbale," alisema. "Mahojiano ni Jumatatu. Kama hutaki kazi, njoo umwone mdogo wako. Njia ni ileile."

Akaenda kwa sababu hiyo, au ndivyo alivyojiambia. Alimuaga Kirunda kwamba anakwenda kupumzika wiki moja. Kirunda alimpa pole kana kwamba amefiwa.

Mdogo wake, Khadija, aliishi Nkoma, mtaa wa Mbale, na mumewe Rajab, karani wa manispaa, mtu mpole aliyeongea mara mbili kwa siku. Khadija alikuwa na miaka arobaini na mitatu na tabia ya kuamua mambo ya watu kabla hawajaketi. Nulu alipoitoa ile fomu ya maombi aliyopewa na Surjit, akiwa bado hajaandika kitu, Khadija alimpokonya.

"Umekaa nayo siku ngapi?"

"Tano."

"Imekushinda wapi?"

"Hapo kwenye umri."

Khadija akachukua kalamu. Akaandika jina. Akaandika dini, kabila, anwani. Alipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa alimpima dada yake kwa macho kama mtu anayenunua kitambaa, akaandika 1954.

"Khadija! Hiyo ni miaka thelathini na minane!"

"Ndiyo. Wanataka mtu mwenye nguvu."

"Wewe umezaliwa arobaini na tisa. Umekuwa mkubwa wangu?"

"Basi kuanzia leo niamkie," Khadija akasema, akakunja fomu.

Rajab aliinua macho kutoka kwenye gazeti. "Na mimi nimeoa dada mkubwa," alisema. Alirudi kwenye gazeti, na hiyo ilikuwa mara yake ya pili kuongea siku hiyo.

Nulu hakuifuta ile namba. Alijiambia ni kosa la Khadija, lakini Jumapili yote, kila alipopita kwenye kioo, alijaribu kusimama kama mtu wa thelathini na minane. Aliuvuta mgongo. Aliuvuta sana hata akashindwa kuinama kuvaa viatu.

Jumatatu walikuwa watatu wa kumhoji. Wa kwanza alikuwa Masaba, mkuu wa usafirishaji, kijana wa miaka kama thelathini na mitatu mwenye viatu vipya vya kahawia. Wa pili alikuwa Janepher, mwanamke aliyeshughulikia wafanyakazi, mwenye sura ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwaka uanze. Wa tatu alikuwa Yekosofati, kiongozi wa madereva, mzee mnene mwenye mikono iliyokunjwa kifuani. Yekosofati alikuwa ameletwa awawakilishe wenzake, na wenzake walikuwa wamemtuma aseme hapana.

Masaba alianza kwa Kiingereza. Yekosofati akamkatiza, "Bwana, sisi madereva tunasikia Kiswahili. Kama yeye anataka kufundisha sisi, aongee Kiswahili, tusikie." Alidhani hapo ndipo mama atakapokwama.

"Hamna taabu, mzee," Nulu akasema.

Janepher alikuwa akiipitia fomu kwa kidole. Kidole kikasimama. Kikarudi juu, kikashuka tena.

"Mama Nulu, hapa umezaliwa 1954."

"Ndiyo."

"Na leseni umepata 1966."

Nulu alihesabu kichwani. Alipofika kwenye jibu, mgongo wake uliokuwa umevutwa ukalegea wote kwa mpigo.

"Ulikuwa na miaka kumi na miwili," Janepher akasema.

"Nilikuwa mrefu," Nulu akasema.

Masaba alikohoa kwenye ngumi. Yekosofati alikunjua mikono kwa mara ya kwanza. Janepher aliendelea, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua. "Na kufundisha umeanza ukiwa na kumi na minne."

Kulikuwa na njia mbili. Nulu angeweza kusogeza leseni mbele ilingane na umri. Leseni ya mwaka 1975, kazi ya mwaka 1980. Aliliona hilo wazi kabisa, na akaona pia lingemgharimu nini: kila mwaka aliojipunguzia usoni ulikuwa unaondoka na mwaka wa kazini. Ili awe na thelathini na minane, ingebidi asiwe ameiona nusu ya mambo aliyoyaona. Sajini wa mtaroni asingebaki. Wanawake kumi na saba wa kiwanda cha nguo, aliowafundisha Jumapili kwa siri, waume zao wasijue, wasingebaki.

"Fomu ameijaza mdogo wangu," alisema. "Nimezaliwa arobaini na tatu. Nina miaka arobaini na tisa. Leseni ni ya kweli, kazi ni ya kweli. Uongo ni huo wa umri tu, na mimi niliuona na nikaunyamazia. Mkitaka, nitaondoka."

"Kwa nini uliunyamazia?" Janepher akauliza.

"Kwa sababu pale ninapofanya kazi wamenipa kijiti nionyeshe picha ukutani. Nikaanza kuamini kwamba nafaa kwa kijiti."

Janepher aliivuta fomu karibu. Alichukua kalamu, akakata ile 1954, akaandika 1943 juu yake, taratibu, na Nulu aliona kwamba mkono wake ulikaza sana kwenye ile kalamu.

"Twende kwenye lori," Masaba akasema.

Lori lilikuwa Isuzu ya tani saba, limeegeshwa uani. Nulu alilizunguka, akapiga magurudumu teke, akatazama chini kama kuna mafuta yanayovuja, kisha akapanda, akaketi, akafunga mlango. Akangoja. Wale watatu nao wakasimama nje wakingoja. Baada ya muda Masaba alichungulia dirishani.

"Mama, unangoja nini?"

"Dereva."

Hapo ndipo alipoona kwamba amepanda upande wa kushoto. Alipanda bila kufikiri, kama alivyopanda kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini na minne. Usukani ulikuwa kule, mbali, upande wa pili. Damu ilimpanda usoni. Lakini Yekosofati, aliyedhani mama ameomba mtu wa kumpima, alikuwa ameshazunguka na kupanda kwenye usukani, amefurahi kupata nafasi ya kumwonyesha udereva ni nini. Masaba akabanwa katikati. Janepher alipanda nyuma kwenye bodi na kushika vyuma, akikataa katakata kubaki ofisini.

Wakashika barabara ya kwenda mji wa Kumi. Yekosofati aliendesha kwa mbwembwe, mkono mmoja nje. Hawajafika mbali ng'ombe akatoka kwenye majani. Nulu akakanyaga breki. Chini ya mguu wake kulikuwa na kiatu kipya cha kahawia, na Masaba akatoa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu shule ya msingi.

"Samahani, bwana," Nulu akasema bila kumtazama, maana macho yake yalikuwa kwenye miguu ya Yekosofati. "Mzee, toa mguu kwenye klachi."

"Nini?"

"Mguu wa kushoto. Umeuweka hapo tangu tulipotoka, kama mtu aliyepumzika nyumbani kwake. Klachi inaungua. Toa."

Yekosofati akautoa. Hakujua kwa nini ameutoa. Ile sauti haikumpa nafasi ya kujiuliza.

"Na huu mteremko, gia uliyoweka ni ipi?"

"Nimeweka huru. Inasaidia mafuta."

"Inasaidia kaburi. Lori likibeba tani saba za mbegu, gia iko huru, breki ikikataa utalishika na nini? Na dua? Rudisha ya tatu. Sikiliza injini kwanza. Haya, sasa."

Gia ikaingia. Lori likashuka kwa kunguruma, limeshikwa vizuri, halina pupa. Yekosofati alikuwa ameendesha miaka ishirini na miwili na hakuna aliyewahi kumwambia asikilize kitu. Alisikiliza. Kabla ya kufika Nakaloke alikuwa amerudisha mkono ndani, mikono yote miwili kwenye usukani, na anasema "Ndiyo, mwalimu" bila kujijua. Naye Nulu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, hakuwa amemuuliza mtu unaonaje.

"Simama hapo penye kivuli," alisema. Lori likasimama.

Masaba alikuwa akisugua kidole chake cha mguu, lakini alikuwa anatabasamu. "Sawa, mama. Kufundisha tumeona. Sasa urudishe lori mjini wewe mwenyewe."

Nulu, aliyekuwa naye ameanza kutabasamu, akaacha.

"Bwana Masaba," alisema, "sijashika usukani tangu mwaka wa themanini na sita."

Wakadhani ni mzaha mwingine. Ilibidi aeleze. Januari ya mwaka ule, jeshi lililoshindwa Kampala lilipokuwa likikimbilia mashariki, askari watano wenye bunduki sita walimkuta Jinja na ile Datsun. Walisema, endesha. Aliendesha kutoka Jinja hadi Mbale, mdomo wa bunduki ukimgusa chini ya sikio kila gari liliporuka kwenye shimo. Na mashimo yalikuwa mengi. Hakuna aliyempiga. Mmoja alikuwa analia njia nzima, mtoto wa miaka kumi na minane labda, akimwuliza, "Mama, tutafika?" Walimshusha hapa Mbale, wakaendelea na gari wenyewe. Yule aliyeshika bunduki alimwambia, "Unajua kuendesha, mama, lakini uko polepole." Nulu alitembea hadi Nkoma, akagonga kwa Khadija, akalala siku mbili. Baadaye Surjit aliikuta Datsun kwenye barabara ya Soroti bila magurudumu, akaivuta nyumbani. Tangu siku hiyo Nulu alipanda upande wa kushoto tu. Watu walidhani ni kwa sababu ya kazi, naye aliwaacha wadhani hivyo.

Yekosofati alikuwa ameangalia mbele muda wote. "Hata mimi walinichukua," alisema. "Mpaka Lira." Alifungua mlango wake, akashuka, akazunguka, akamfungulia Nulu mlango wa kushoto na kumsaidia kushuka, halafu akamsindikiza hadi upande wa kulia.

Nulu akapanda. Akashika usukani. Akawasha, akaachia klachi, lori likaruka kama mbuzi na kuzimika. Janepher kule nyuma alisikika akianguka juu ya kitu. Akawasha tena. Likazimika tena.

"Klachi chini," Nulu akasema kwa sauti, lakini hakuwa akimwambia yeyote. "Gia ya kwanza. Umeangalia kioo?" Akajijibu, "Sijaangalia." "Basi angalia, kioo si pambo." Akaangalia. "Achia polepole. Polepole nimesema! Unakimbilia wapi? Haya. Mafuta kidogo. Hivyo hivyo, mama. Hivyo hivyo."

Lori likaondoka.

Alijifundisha njia nzima kutoka Nakaloke hadi Mbale. Alijikaripia kwenye kona, akajisifu kwenye daraja dogo, akajibishana na nafsi yake kwa ukali kuhusu gia ya nne. Kuna mahali alijiambia, "Ukiendelea hivi nitakushusha utembee," na Masaba akatazama nje ili asicheke. Mbele ya soko alikwangua pipa la taka lililoachwa barabarani, likabingirika hadi mlangoni kwa muuza sufuria. Alisimama, akashuka, akalirudisha pipa mahali pake, akaomba radhi, akapanda tena. Upande wa kulia. Alipoegesha uani, blauzi yake ilikuwa imelowa mgongo mzima, na mikono haikutaka kuachia usukani. Akaibembeleza kidole kimoja kimoja.

Walimpa kazi siku ileile. Janepher alisoma barua mezani, nywele zimejaa vumbi na kifundo cha mkono amekifunga leso. Kazi inaanza tarehe mosi ya mwezi ujao.

Hapa ndipo Nulu alipofanya jambo ambalo Khadija hakumsamehe kwa muda mrefu. Alisema, "Mwezi ujao siwezi."

"Una kazi nyingine?" Masaba akauliza.

"Sina. Nimechoka. Nikianza mwezi ujao, nitafika hapa na mwili huuhuu, na baada ya mwaka mmoja mtanipa kijiti. Nipeni miezi miwili nilale. Halafu nitawafundisha madereva wenu mpaka waote alama za barabarani."

Masaba alimtazama Janepher. Hakuna mtu aliyewahi kuomba kazi pale kwa kuomba kwanza kulala. Janepher aliitazama ile barua muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akafungua diari yake mwenyewe na kuanza kuifunua nyuma, mwezi baada ya mwezi, kama anayetafuta siku aliyopumzika. Hakuiona. Akaifunga.

"Mwezi mmoja na nusu," alisema. "Na ukirudi, nionyeshe mtu wa likizo anavyokaa kitini. Mimi nimesahau."

Nulu alirudi Jinja kumpa Kirunda taarifa. Kirunda alivua miwani, na ikaonekana kwamba alikuwa na macho madogo yenye wasiwasi kama ya mtoto wa shule. "Jajja, Mbale? Kwenda kupumzika?"

"Kwanza kupumzika, baadaye kuwa mkuu."

"Mkuu wa nini?"

Alimweleza. Alipomaliza, Kirunda alikumbuka kwamba wanafunzi wengi wa shule ile walikuja wakimtaja Nulu kwa jina, na kwamba wale vijana wa asubuhi walikuwa wameshagonga lango mara tatu mwezi ule. Akamwita "Mwalimu." Akamwita hivyo mara nne katika dakika moja. Nulu alimshukuru, akampa mkono, na kwa mara hii asante aliyoitoa haikumuuma mahali popote.

Halafu akalala. Alilala Nkoma, chumba cha nyuma kwa Khadija, siku nne mfululizo, akiamka tu kuswali, kula na kuuliza ni siku gani. Siku ya tatu Khadija alimtuma Rajab akasikilize kama dada anapumua. Rajab alirudi na kusema anapumua, na tena anapumua vizuri kuliko wao. Wiki ya pili Nulu alianza kutembea hadi mtoni asubuhi. Wiki ya nne alianza kumkosoa Khadija namna anavyokaanga ndizi, na Khadija akajua dada yake amerudi.

Mwezi wa kumi alianza kazi na madereva kumi na mmoja, wengi wao wakubwa kwa mwili na wadogo kwa subira. Wawili walisema hawatafundishwa na mwanamke. Aliwaambia hakuna neno, wakae kivulini watazame. Kufika adhuhuri jua lilikuwa limehama na kivuli nacho, wakajikuta wamekaa katikati ya darasa.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili, wakati wa chakula cha mchana, Nulu akiwa peke yake nyuma ya ghala na sahani ya maharage, Yekosofati alipomjia. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akavua kofia.

"Mwalimu," alinong'ona. "Mimi ndiye mkubwa wa hawa vijana. Nisikilize kwa siri."

"Nakusikiliza, mzee."

"Hiyo ya kurudi nyuma. Kuingiza lori nyumanyuma kati ya vitu viwili. Mimi sijui."

Nulu aliteremsha kijiko. "Miaka ishirini na miwili?"

"Nilikuwa naegesha mbali, palipo wazi. Kama hapana nafasi, nasema tumbo linauma, mwingine anaegesha. Wanajua nina tumbo baya sana." Akaigeuzageuza kofia mikononi. "Wamewahi hata kunichangia nikaende hospitali."

Nulu hakucheka. Ilimgharimu, lakini hakucheka. Alifunika maharage kwa sahani nyingine, akainuka, akabingirisha mapipa mawili matupu hadi katikati ya uwanja wa nyuma, pasipoonekana kutoka ofisini, akayasimamisha. Alipima nafasi kwa hatua zake.

"Lete lori," alisema. "Na ukianza, usiniangalie mimi. Tazama kioo."

Yekosofati akapanda. Pipa la kwanza lilianguka papo hapo.